Mwaka wa kwanza Dodoma: mwongozo kamili kuanzia siku majina yanapotoka hadi matokeo ya muhula wa kwanza

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakitoka, simu yangu haipoi. Mtoto wa dada kapata UDOM, jirani kapata St. John's, mdogo wake fulani kapata chuo cha Mipango, na wote wanauliza swali moja: aje na nini? Wanategemea orodha ya ndoo, shuka, pasi na jiko. Mimi naanza na karatasi, nafuata na pesa ya miezi miwili ya mwanzo, vitu naviweka mwisho. Ndoo inauzwa soko la Majengo, inauzwa Sabasaba, inauzwa mpaka jirani na hosteli. Cheti cha kuzaliwa kinachopingana na cheti cha kidato cha nne hakina duka la kukirekebisha usiku wa kuamkia usajili.

Nitazungumzia zaidi Chuo Kikuu cha Dodoma, yaani UDOM, kilichoanza mwaka 2007 na ndicho kinachopokea wageni wengi kuliko vyote hapa, lakini karibu yote yanamhusu pia anayekwenda chuo kingine mjini.

Kwanza: hakikisha nafasi ni yako kweli

Kuona jina kwenye orodha hakutoshi. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inakutaka uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, unaingia kwenye akaunti uliyoombea chuo, unaiweka, basi. Shida ni kwamba ujumbe unakwenda kwenye namba ya simu uliyoijaza siku ya kuomba. Wengi waliomba wakiwa wametoka JKT, wakatumia simu ya kaka au ya mwenye steshenari aliyewajazia fomu. Kama ni wewe, mtafute mwenye namba hiyo leo. Usisubiri kesho.

Kama maombi ulijaziwa na mtu, dai nywila zako zote: ya mfumo wa chuo, ya Bodi ya Mikopo na ya barua pepe. Ziandike kwenye daftari, kisha uzibadilishe. Barua pepe iwe yako mwenyewe. Ukishathibitisha, pakua barua ya udahili pamoja na maelekezo ya kujiunga, na uyasome yote, hadi ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Mle ndimo mna tarehe ya kuripoti, michango, fomu ya uchunguzi wa afya na kanuni za mavazi. Nusu ya maswali ninayopigiwa yamejibiwa mle.

Majina: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Chukua karatasi tupu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Chini yake liandike lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kwenye namba ya NIDA, kidato cha sita au stashahada, barua ya udahili, fomu ya mkopo na akaunti ya benki. Soma mistari yote kwa kidole. Utakuta Mohamed na Mohamedi, Rehema John na Rehema John Mazengo, Elizabeth ya z na Elisabeth ya s.

Tofauti hizi zinauma kwa sababu kila taasisi inakutambua kwa njia yake. Bodi ya Mikopo inakutafuta kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wanahakiki cheti cha kuzaliwa. Benki inafungua akaunti kwa namba ya NIDA. Jina lako la benki lisipofanana na la Bodi, pesa inatoka, inagonga, inarudi, na wewe uko chumbani unasikia wenzako wameshapokea. Hakuna aliyekuibia, mifumo haijakubaliana wewe ni nani.

Cheti cha kidato cha nne ndicho kigumu kubadilika, kwa hiyo panga vingine vikifuate. Kosa la herufi kwenye NIDA linarekebishwa ofisi ya NIDA ya wilaya, na huchukua muda, ndiyo maana linaanzwa mapema. Kama tofauti ni kubwa, mfano jina la ukoo limebadilika kabisa, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, ikasajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida cha mahakamani kinasaidia kwa tofauti ndogo, ila kabla ya kulipia hata shilingi moja uliza chuo na Bodi wanakubali kipi.

Kisha tengeneza faili. Namaanisha faili la plastiki lenye kifungo, lile la bei ndogo, maana mvua za Dodoma zikianza huja na upepo na bahasha ya kaki haimalizi dakika mbili. Ndani weka vyeti halisi na nakala za kila kimoja, nyingine zikiwa zimethibitishwa na wakili au hakimu. Kama cheti cha kidato cha sita hakijatoka, weka karatasi ya matokeo. Ongeza barua ya udahili, fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa mhuri na daktari wa hospitali ya serikali, picha ndogo za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha NIDA au namba yenyewe, risiti zote za malipo na cheti cha kuzaliwa. Aliyefiwa na mzazi aweke na cheti cha kifo. Piga picha kila karatasi kwa simu, ujitumie kwenye barua pepe yako. Faili hili halikai kwenye begi kubwa linalowekwa buti ya basi. Linakaa mapajani.

Fomu ya afya ishughulikie ukiwa nyumbani. Hospitali za Dodoma hujaa wanafunzi wiki hiyo, na vipimo ulivyofanya taratibu wilayani kwenu hapa utavifanya kwa foleni ya asubuhi nzima.

Mkopo: ulichopangiwa, na lini kitafika

Ukishaomba, mambo yako yote yamo kwenye akaunti yako binafsi ya Bodi ya Mikopo, ile ya SIPA. Ingia mwenyewe uangalie vipengele, kwa sababu mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikia, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Mtu anasema "nimepata mkopo" huku amepata chakula na malazi tu, ada yote ni ya mzazi. Mwingine kapata ada kwa kiwango fulani na pengo la laki kadhaa hajaliona mpaka mfumo wa chuo unapomzuia kujisajili.

Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, huigusi. Inayokuja kwako ni ya chakula na malazi, yaani bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, na hulipwa kwa awamu, si kila mwezi. Awamu ya siku 60 kwa mwenye kiwango kamili ni shilingi 600,000. Kwa kijana aliyezoea elfu mbili ya kwenda shule, hiyo ni pesa ya kutia wazimu, na wafanyabiashara wote wanaozunguka vyuo wanalijua hilo.

Bumu la kwanza huwa halikusubiri getini. Ni mpaka uripoti, usajiliwe, namba ya akaunti iingizwe, chuo kipeleke orodha, pesa zije, usaini. Hatua moja ikichelewa, zote zinachelewa. Mwaka wa pili na wa tatu wanalijua hili, mwaka wa kwanza ndio hukutwa. Panga maisha yako kana kwamba bumu halitakuja miezi miwili ya mwanzo. Likija mapema, zuri.

Kama hukupangiwa kitu au umepangiwa kidogo, usikate tamaa na awamu ya kwanza. Bodi hutoa majina kwa awamu, kisha hufungua dirisha la rufaa. Rufaa inataka ushahidi, siyo malalamiko: cheti cha kifo, barua ya ulemavu, uthibitisho kwamba kaya yenu inahudumiwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini. Na kama ulisoma sayansi kidato cha sita na ufaulu wako ulikuwa wa juu sana, fuatilia Samia Scholarship, ambayo ni ufadhili na hairejeshwi.

Mkopo ni deni, tena la kisheria. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi hadi liishe. Sikwambii usikope. Bila Bodi, wengi wetu wa mikoa hii tungeishia kidato cha sita. Nakwambia tu kwamba simu ya milioni unayoiona kwenye kioo cha duka itakuwa imekufa zamani na wewe bado unailipia.

Kaa na mzazi mpige hesabu

Mazungumzo haya yafanyike kabla ya safari, mezani, kwa kalamu. Wazazi wengi wanaamini mtoto akipata mkopo wamemaliza. Waonyeshe, kwa adabu: "Mama, mkopo umelipa hiki na hiki, kimebaki hiki." Mama akikiona kwenye karatasi, hata akiwa hana, atajua pa kuanzia kuzungumza na baba mdogo au mjomba.

Yaandikwe haya. Nauli ya kuja. Michango ambayo mkopo haulipi: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, shilingi 20,000 ya TCU kwa ajili ya uhakiki wa ubora, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Ukiwa na kadi ya bima ya mzazi ambayo bado iko hai, onyesha siku ya usajili usilipishwe mara mbili. Sehemu ya ada isiyofunikwa. Vyuo vingi vinakubali ilipwe kwa awamu mbili, moja kila muhula. Malazi. Kisha chakula: ukila kwa shilingi 5,000 kwa siku, siku 60 ni 300,000. Inawezekana kushuka chini ya hapo ukipika, lakini usiahidi nyumbani kwamba utaishi kwa elfu mbili, hutaweza. Mwisho weka akiba ndogo ya nakala, bando na dawa.

Pesa ya matumizi isitumwe yote siku moja. Mwombe mzazi akutumie kila wiki mbili. Nimeona watoto wazuri, wa familia zenye adabu, wakimaliza ya miezi miwili ndani ya wiki tatu, na wala hawakunywa pombe. Ziliishia kwenye chipsi, bodaboda na kumkopesha rafiki mpya.

Malipo yote ya chuo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wanafunzi wanaiita kontrolo namba, unayoitoa mwenyewe kwenye mfumo wa chuo. Ukiiweka kwenye simu, kabla ya kuweka namba ya siri litatokea jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu binafsi, acha. Msimu wa usajili huwa na watu wenye sauti ya upole wanaokupigia na kukuita kwa majina yako matatu, wakidai wanaweza kukutafutia hosteli au kukuongezea mkopo. Majina yako wameyapata kwenye orodha iliyotangazwa hadharani. Hawana kitu.

Pa kulala

Omba hosteli ya chuo mara tu mfumo unapofunguliwa. Mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele sehemu nyingi, na kwa mgeni wa mji ni salama na rahisi kuliko kupanga. UDOM imejengwa kwenye vilima vya Chimwaga, kama kilomita 8 mashariki ya katikati ya mji, na ndaki zake, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani yake, zimetawanyika. Kutoka ndaki moja kwenda nyingine unaweza kuhitaji bajaji. Kwa hiyo siku ya kupangiwa chumba angalia kiko upande wa ndaki gani. Mtu wa Informatiki, ndaki ya kompyuta, akipangiwa chumba upande wa mbali, ataanza siku kwa kutembea juani au kwa kulipa nauli.

Ukikosa hosteli, au ukiwa na familia, utapanga mtaani. Wa UDOM hukaa sana Ng'ong'ona, Iyumbu na Makulu, wa St. John's hupenda Kikuyu. Dalali atataka malipo ya mwezi mmoja kwa kazi yake, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Usilipe chumba ambacho hujakanyaga, hata picha ziwe nzuri vipi. Nenda mchana ukaone, kisha rudi saa moja jioni uone njia ya kurudia ina taa au ni pori. Fungua bomba kwa mkono wako. Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kama kuna tangi, na kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia mita na vyumba sita, maana ugomvi wa umeme wa kuchangia hauishi. Wapangaji waliomo watakwambia ukweli kuliko dalali. Mwambie binti anayefua nje, "Dada, shikamoo, hapa maji vipi?" Utapata historia nzima ya nyumba.

Kuna njia ya tatu, kufikia kwa ndugu. Shangazi wa Area C au mjomba wa Nkuhungu atasema njoo ukae hata mwaka. Nenda ukae siku za mwanzo ukitafuta chumba, msaidie kazi, umshukuru, uondoke kabla hamjachokana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni kuletewa watoto uwafundishe hesabu jioni ile una tesiti kesho.

Mizigo na njia ya kuja

Kutoka Dar es Salaam au Morogoro, treni ya SGR imerahisisha mambo tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi sasa ni chini ya saa nne. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kata tiketi mapema mtandaoni, beba kitambulisho, fika stesheni mapema, na usiende na godoro wala gunia la mchele. Mwenye mizigo mikubwa basi linamfaa zaidi. Mabasi ya mikoani yanashusha stendi kuu ya Nanenane, upande wa Nzuguni, si mbali na soko la Job Ndugai. Wa Arusha na Manyara wanapita Babati na Kondoa, wa Iringa na Mbeya wanapita Mtera, barabara zote mbili ni lami. Panga ufike mchana. Ukijikuta unafika usiku, lala karibu na stendi au mpigie ndugu, usianze kutafuta hosteli saa nne usiku na begi kichwani.

Kwenye begi: shuka mbili, blanketi moja zito, chandarua, taulo, kandambili, nguo za heshima za darasani, sweta, kofia au mtandio, mafuta mazito ya kupaka, kufuli mbili nzuri, sahani na kikombe. Blanketi linawashangaza watu wa Pwani. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna joto kali, lakini ngoja Juni na Julai, upepo wa asubuhi huku juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari unapenya mpaka kwenye mifupa. Ndoo, beseni, dumu la lita 20, pasi na godoro utanunua hapa, baada ya kuona chumba. Hosteli nyingine zina godoro, na nyingi zinapiga marufuku majiko na hita za umeme, kwa hiyo soma kanuni kabla ya kubeba jiko kutoka Bukoba.

Laptopu? Wa Informatiki na uhandisi, ndiyo, muhula wa kwanza. Wengine mnaweza kuanza na maabara ya chuo na simu nzuri kiasi, mkanunua baadaye kwa utulivu. Ukinunua iliyotumika, iwashe bila chaja ukae nayo nusu saa, jaribu kila kitufe cha kibodi, na uchukue risiti yenye namba ya mashine. Flashi yako ikishachomekwa kwenye kompyuta ya steshenari hesabu kwamba ina virusi, kwa hiyo kazi zako zihifadhi pia kwenye barua pepe.

Wiki ya kwanza chuoni

Kuna tabia ya kudharau wiki ya mapokezi, mtu anasema atakuja masomo yakishaanza. Usifanye hivyo. Katika siku hizo ndipo usajili hufanyika bila presha: kuhakiki vyeti, kupiga picha ya kitambulisho, kuingiza akaunti ya benki, bima, chumba. Ukichelewa, foleni ni ileile ila unaisimamia huku wenzako wako darasani.

Amka alfajiri, beba faili, maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Ukihudumiwa dirisha lolote, usiondoke kabla hujaangalia kwamba mfumo umebadilika, maana "tayari mdogo wangu, nenda" ya mdomo haiingii kwenye kompyuta.

Halafu kuna usajili wa pili ambao wageni hawaujui: kusajili kozi za muhula. Unaingia kwenye mfumo na kuchagua kozi zako, za lazima na za hiari. Kozi usiyoisajili ni kama hukuisoma. Utahudhuria, utafanya tesiti, na alama hazitakuwa na pa kukaa. Chapisha au piga picha ya skrini ya orodha yako, na rudia kuangalia kabla dirisha halijafungwa.

Jina la mwakilishi wa darasa lijue siku ya kwanza, na uingie kundi la WhatsApp la darasa. Ratiba hubadilika, vyumba hubadilika, na tangazo la saa kumi na mbili asubuhi ndilo linalokuambia pindi, yaani kipindi cha darasani, limehamia ukumbi mwingine, kwa miguu dakika ishirini.

Maji, jua na tumbo

Dodoma ni nusu jangwa. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa wastani. Utafika wakati kila kitu ni rangi ya udongo, kisha mwezi Januari vilima vinakuwa kijani na hutaamini ni palepale. Midomo itapasuka wiki ya kwanza, pua zitakauka. Paka mafuta, kunywa maji hata bila kiu.

Maji ya bomba sehemu nyingi yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu upesi, chai ina ladha yake, na birika linaota ukoko mweupe ndani. Si ugonjwa, unazoea. Tatizo ni mgao. Jioni moja utashuka na ndoo ukute watu wamepanga madumu yao kwenye foleni huku wenyewe wamekaa pembeni na daftari, kila dumu limeandikwa jina kwa maki peni. Liandike na lako. Maji yakitoka jaza kila chombo, hata kama huhitaji leo. Ya kunywa chemsha au nunua.

Kula kantini ni rahisi: wali maharage, ugali mboga za majani, siku ya pesa ugali nyama. Kina mama wa nje ya geti mara nyingi wanapika vizuri zaidi na kwa bei nafuu, na ukiwa mteja wa kila siku mama atakukopesha sahani bumu likichelewa, heshima ambayo duka kubwa halitakupa. Lipa deni lake kwanza kabla ya deni la mtu yeyote. Jaribu ugali wa uwele na mlenda angalau mara moja. Utelezi wake unawashinda wengi siku ya kwanza, wachache hurudi, nami ni mmoja wa hao wachache. Zabibu zikiiva zinauzwa barabarani kwa bei ya karibu bure ukilinganisha na Dar.

Ukiugua, usimezee dawa za duka kwa kubahatisha. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko eneo hilohilo la UDOM, na mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji bado wanaiita Jenerali. Kadi ya bima ikichelewa, uliza namba yako ya uanachama, mara nyingi hupatikana kabla ya kadi.

Masomo yenyewe

Hapa hakuna mwalimu wa zamu. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi mpaka siku ya mtihani, ambapo karatasi ya mahudhurio itakuuliza. Vyuo vingi vinadai asilimia 75. Muhula una wiki 15 hivi za kufundishwa na kwa mgeni zinapita kabla hajazoea njia ya maktaba.

Elewa hesabu ya alama mapema. Kwa kawaida kazi za muhula, yaani tesiti, kazi za kuandika na za makundi, zina alama 40, na mtihani wa mwisho, UE, una 60. Shahada ya kawaida inahesabu A kuanzia 70, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40. Kutoka hapo inatengenezwa GPA, yaani wastani wa alama zako, yenye kilele cha 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. GPA ya muhula wa kwanza inaingia kwenye hesabu ya mwisho kwa uzito uleule. Watu wanauchezea muhula huu wakisema wanazoea mazingira, kisha wanatumia miaka miwili kuifukuza 3.5 ambayo ingekuwa tayari mfukoni.

Ukifeli kozi unarudia kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukifaulu sapu alama yako inaishia C hata uandike vizuri vipi. Ukiifeli na hiyo, kozi inakufuata kama kari, yaani deni la kuisoma tena. GPA ikishuka chini ya kiwango cha chuo, ni disko, unaondoshwa. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye kanuni za mitihani. Zisome mwezi wa kwanza, siyo wa tano.

Lugha inawasumbua wengi waliotoka shule za kata, nao huona aibu kusema. Mhadhiri anaongea Kiingereza haraka, na ukipoteza dakika kumi za mwanzo umepoteza pindi zima. Dawa yake ni kusoma mada kabla ya kuingia, hata kurasa tano, ili maneno magumu ukutane nayo chumbani kwanza. Andika kwa mkono wako. Madesa, yaani maandishi ya masomo, ya waliotangulia yanafaa kuonyesha mada zinazorudi, lakini yanabeba makosa ya mwaka juzi na mhadhiri anayatambua. Maswali ya mitihani iliyopita ndiyo dhahabu. Yatafute maktaba na kwa mwaka wa pili, myajibu mkiwa watatu au wanne kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, jioni.

Kazi za makundi zina ugonjwa wake: mmoja anaandika, kumi wanasaini. Chukua kipande chako mapema na ukimalize. Usinakili mtandaoni neno kwa neno, wahadhiri wana programu za kukamata hilo.

Ukikwama

Pesa ikiisha kabisa, ukafiwa, ukaugua kwa muda mrefu au ukapata ujauzito, usipotee kimya. Wanaotoweka bila barua huhesabiwa wameacha chuo, na mkopo wao husimama. Kuna utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka: unaandika barua kupitia idara yako, unaambatanisha ushahidi, unasubiri jibu la maandishi, na Bodi inaarifiwa. Muone mlezi wa wanafunzi au ofisi ya ushauri wa wanafunzi kabla ya kufunga begi. Ukihama chuo vilevile, mkopo haukufuati wenyewe, lazima uombe uhamishwe.

Matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, linganisha kila kozi na orodha uliyoipiga picha siku ya kusajili. Ukiona alama imekosekana, nenda kwa mhadhiri na nakala ya tesiti zako mkononi, kisha idara, kwa utaratibu na kwa maandishi. Tesiti zilizosahihishwa usizitupe hadi hapo. Tiketi ya kurudi nyumbani ikate kabla mitihani haijaanza, maana vyuo vya Dodoma hufunga karibu wakati mmoja na siku hizo treni na mabasi hujaa.